Mchango wa Mecúfi na heshima ya shemeji

Mama,

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kina mama hapa Masasi. Msimu huu korosho zimelipa, kwa hiyo tuliposikia kimbunga Chido kimewapiga wenzetu wa Msumbiji hatukusita. Wengi wetu ni Wamakua na tuna ndugu ng'ambo ya mto Ruvuma. Tumechanga shilingi 1,840,000 na viroba saba vya nguo.

Shida ikaanzia hapo. Kaka mkubwa wa mume wangu ni mfanyabiashara, huvuka Daraja la Umoja kwenda Msumbiji mara kwa mara. Amesema atapeleka fedha na nguo yeye mwenyewe mpaka Mecúfi, mkoani Cabo Delgado, kwa kuwa shangazi yao anaishi huko na nyumba yake imeezuliwa. Nusu ya kikundi wamekubali. Nusu wamegoma, na mmoja akasema mbele ya watu kwamba shemeji ana madeni. Maneno yakafika nyumbani. Tangu Jumapili mume wangu hasemi nami vizuri; anadai nilikaa kimya kaka yake akiitwa mwizi. Mashirika nayo hatuyaamini, watu wanasema wanakula wao. Halafu kuna ujumbe unazunguka WhatsApp, una picha ya mtoto juu ya paa na namba ya kutuma pesa. Fedha na daftari viko kabatini kwangu. Nifanyeje?

Mweka Hazina, Masasi

Pole, mwanangu, maana umeleta kesi tatu kwenye barua moja: ya fedha, ya kimbunga na ya ndoa. Nianze na ile inayoweza kukuumiza kesho asubuhi.

Toa fedha hizo kabatini. Milioni moja na laki nane taslimu, ndani ya nyumba ambayo mume na mke wamenuniana na shemeji anasubiri jibu, ni kujitafutia lawama. Kama kikundi kina akaunti, ziweke huko leo, na karatasi ya benki ipige picha uitume kwenye grupu. Kama hakina, bila shaka mna lile sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Hii ndiyo kazi yake. Shemeji yako ameitwa mwenye madeni kabla hajashika hata shilingi. Wewe zikikupungua elfu hamsini tu, utaitwa jina baya kuliko hilo.

Huo ujumbe wa WhatsApp ni mtoto wa ule utapeli wa simu wa "ile hela tuma kwenye namba hii", amekua tu na kupewa picha. Ukitaka kuujaribu, fanya kama unayetuma shilingi mia tano, kisha usome jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Likija jina la mtu binafsi, hapo hakuna shirika, sitisha. Halafu itazame picha yenyewe. Chido ilipotua wilaya ya Mecúfi tarehe 15 Desemba 2024 iliumiza zaidi kwa upepo: mabati yalipeperushwa, kuta za udongo zikalala chini, na karibu nyumba zote za wilaya zikaharibika. Msumbiji ilipoteza watu wapatao 120. Mtoto juu ya paa, katikati ya maji ya kahawia yasiyo na mwisho, anafanana zaidi na Buzi, katikati ya Msumbiji, ya Machi 2019, siku za kimbunga Idai, pale mito ya Buzi na Pungwe ilipofurika na watu wakalala juu ya mapaa na miti. Matapeli hawana haja ya kutunga mateso. Wanaokota picha za kweli za mwaka mwingine na kuzibandika namba mpya.

Hata jina likija la shirika unalolijua, bado soma herufi kwa herufi. Baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 2016, Rais Magufuli aliwaondoa viongozi wa huko huko mkoani kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile rasmi ya maafa. Tuhuma hizo hazikuwahusu vijana wa vijiweni, ziliwahusu watu wenye ofisi na mihuri. Kwa hiyo namba ya akaunti usiichukue kwenye tangazo lililosambazwa mara mia. Ifuate ofisini kwa miguu yako.

Sasa hilo la mashirika kula. Sitakuambia ni uongo mtupu. Aprili 2019, wiki chache baada ya Idai, Human Rights Watch waliripoti kwamba katikati ya Msumbiji baadhi ya viongozi wa mitaa waliwadai wanawake fedha ili majina yao yaingie kwenye orodha ya chakula, na waliokosa fedha wakadaiwa miili yao. Nikisoma taarifa ile hadi leo damu inanichemka. Lakini angalia ni nani aliyeshika kalamu ya orodha. Hakuwa mgeni aliyeshuka kwenye helikopta. Alikuwa mtu wa pale pale, anayejua nani ni mke wa nani, ambaye kijiji kizima kingesema huyu ni wetu. Nakuomba ulikumbuke hilo kila mtu anapokwambia kikundini kwamba fulani ni ndugu, basi yameisha.

Na utazame upande wa pili. Beira, mji wa bandari wenye watu kama nusu milioni, ulibomolewa vibaya na Idai. Barabara kuu ya kuingia mjini ilikatika, na kwa siku kadhaa msaada ulipita angani na majini. Kipindupindu kikathibitishwa tarehe 27 Machi. Tarehe 3 Aprili watu walikuwa wanapanga mstari wa chanjo, na dozi karibu laki tisa zilikuwa zimeshafika. Hakuna shemeji wa mtu yeyote anayeweza kuvusha dozi laki tisa zikiwa baridi. Kazi hiyo inakula fedha: majokofu, mafuta ya ndege, posho za wanaozunguka na makasha mabegani. Ndiyo maana mtu akijisifu kwamba shirika lake halitumii hata senti kwenye uendeshaji, mimi humuuliza dereva wake analipwa na nani.

Ninachoangalia kwanza ni kama waliokuja na fulana na bendera walikuwepo pale kabla upepo haujavuma. Msalaba Mwekundu wa Msumbiji una watu wake wa kujitolea wanaoishi vijijini. Wenzao wa Tanzania wamo katika shirikisho hilo hilo la dunia. Caritas nayo ipo kwenye majimbo ya Kanisa Katoliki ya huku kwetu, na ipo Pemba, mji mkuu wa Cabo Delgado, jirani kabisa na Mecúfi. Hizo ndizo njia mbili ambazo mtu wa Masasi anaweza kuzifikia, akamwona mtu usoni na kudai karatasi. Ukifika ofisini kwao, uliza kama mchango wa Msumbiji unapokelewa kwa jina hilo au unamwagwa kwenye mfuko wa jumla. Wakisema wa jumla, si dhambi, lakini kikundi kijue kabla ya kutoa. Risiti iandikwe jina la kikundi, lisiwe lako. Uliza taarifa ya matumizi mtaipata lini na kwa njia gani. Mtu wa ofisi inayojiheshimu hakasiriki kwa maswali hayo, ameshayajibu mara nyingi. Anayekasirika, muage kwa adabu urudi na fedha zako.

Twende kwenye viroba. Mwanangu, nguo hizo zisivuke mto. Kutoka Masasi mtu anakwenda Mtambaswala, anavuka Daraja la Umoja, anaingia Negomano, anapanda Mueda, kisha anateremka mpaka Pemba ndipo aikamate Mecúfi. Ni msimu wa mvua, ni matope, na Cabo Delgado imekuwa na vita tangu Oktoba 2017. Watu wameuawa barabarani wakiwa safarini. Nauli na ushuru wa viroba saba vitazidi thamani ya nguo zenyewe. Zikifika, lazima mtu aache kugawa maji akae kuchambua magauni ya watoto na suruali zisizo na zipu. (Na ninawajua kina mama wa vikundi. Humo ndani kuna kiatu cha kisigino, tena cha mguu mmoja.) Pelekeni mnadani hapo Masasi, uzeni, fedha iongezwe kwenye mchango. Aliyepoteza paa anatafuta turubai, kamba, misumari, ndoo, sabuni na dawa ya maji, na mkulima anataka mbegu sasa hivi. Mbegu ikifika mwisho wa Machi, msimu umeshampita. Vitu hivyo hununuliwa karibu na walipo, kwa fedha, na mwenye duka wa Pemba naye aliyeezuliwa anapata cha kumwinua. Kama kuna kanga mpya ndani ya viroba sitabishana nanyi, kanga ina kazi kila mahali, lakini hata hiyo haistahili safari ile peke yake.

Shangazi wa Mecúfi je? Asaidiwe, tena haraka. Ila asaidiwe na watoto wa kaka yake. Mwanakikundi asiye na mtu kule hakutoa elfu ishirini yake ili aezeke nyumba ya ukoo wa mumeo, alichangia waliopigwa na kimbunga, yeyote yule. Mkichanganya vyungu hivi viwili, hata shemeji akifikisha kila senti mtagombana tu, kwa sababu kila upande utakuwa umetoa kwa ajili ya kitu tofauti. Uamuzi wangu ni huu: mchango wote wa kikundi uende kwenye taasisi moja mtakayoichagua kwa kura, kura ikaandikwe kwenye muhtasari. Wenye ndugu wafungue mchango wao pembeni, wa hiari, usiopita kwenye daftari lako. Wewe na mumeo muwe wa kwanza kutoa humo, na mtoe vizuri.

Fedha za shangazi si lazima zibebwe mfukoni. Western Union ipo Msumbiji na kila muamala una namba yake. Kabla ya kutuma, mpigieni simu muulize kama kitambulisho anacho, maana waliopoteza nyumba mara nyingi wamepoteza na karatasi zote. Kama hana, achague mwenyewe jirani mwenye kitambulisho wa kumpokelea. Msimchagulie ninyi mkiwa Masasi.

Nimebaki na shemeji na mumeo. Kuwa na madeni si wizi. Nusu ya wilaya yenu huwa na madeni mpaka mnada wa korosho upite. Yule mama aliyesema vile hadharani alikosea, na mwenyekiti alipaswa kumnyamazisha pale pale. Lakini mumeo naye anachanganya mambo. Kikundi hakitakiwi kuamua kama kaka yake ni mwaminifu. Kinatakiwa kuamua kama mtu yeyote, awe shekhe, awe padri, awe mimi, apewe fedha za watu wengi peke yake, bila risiti, apite nazo kwenye njia yenye bunduki. Akinyang'anywa njiani, nani Masasi atamwamini? Ataishi na neno hilo mpaka wajukuu zake. Kumkatalia ni kumlinda, na hivyo ndivyo umwambie mumeo.

Mwambie usiku, watoto wakishalala, usimwambie mbele ya kaka yake. Anza na lako: "Baba watoto, siku ile ningesema neno, sikusema, naomba unisamehe." Omba msamaha kwa kunyamaza, usiombe kwa kuwa mwangalifu. Halafu mweleze habari ya barabara na ya risiti. Kisha muende wote wawili kwa shemeji kabla ya mkutano, asije akasikia uamuzi sokoni. Mumeo ndiye aongee, wewe mwamkie na utulie.

Na mpeni kazi, kwa sababu mtu aliyejitolea mbele ya watu hatakiwi kurudishwa mikono mitupu. Anaijua Mecúfi, ana watu wa kuwapigia. Awe ndiye jicho la kikundi: baada ya wiki tatu au nne aulize kule kama maturubai yamegawiwa, kijiji kipi kimerukwa, bei ya bati Pemba imefika wapi, kisha aje awaeleze kina mama kwenye kikao, asimame mbele yao wote, akiwemo yule mwenye mdomo.

Kuna jambo moja la kumwomba akiongea na shangazi yake. Tangu Idai kuna simu ya bure nchini Msumbiji, namba 1458, ambayo mtu aliyerukwa kwenye orodha, au aliyedaiwa chochote ili aandikwe, anapiga na kulalamika bila kupitia kwa kiongozi wa mtaa wake. Haipigwi kutoka huku. Shangazi aiandike mahali, na awape na majirani.