Somo la wiki: Friji ya gari la kulala hupata wapi umeme njiani?



Likizo ya Agosti inakaribia na baadhi ya familia zetu zinakodi gari la kulala, yaani lile lenye kitanda, jiko na friji humo humo ndani. Mama mmoja aliniuliza Jumamosi iliyopita: "Mwalimu, insulini ya mwanangu itakaa baridi mpaka Scotland?" Nikaona hilo ni somo tosha. Wakubwa wasome kwa sauti, wadogo wasikilize, na mzazi akae karibu penye hesabu.

Kwanza maneno. Friji na jokofu ni kitu kimoja, ila sarufi inabadilika: friji imezimika, jokofu limezimika, friji zimezimika, majokofu yamezimika. Tazameni pia vitenzi hivi viwili viwili. Chai inapoa, friji inapoza. Maji yanaganda, friji inagandisha. Taa inawaka, baba anawasha taa. Hapo mtoto wa Kiswahili cha nyumbani hukosea sana, akasema "friji inapoa maziwa".

Sasa gari lenyewe. Magari mengi ya kukodi yana friji inayotumia njia tatu: gesi ya mtungi, umeme wa plagi mkifika kambini, na umeme wa betri wa volti 12 gari likiwa linatembea. Kwenye swichi mtaona alama ya moto, ya plagi na ya betri. Ajabu yake ni kwamba friji hii hupoza kwa kutumia joto. Ndani ya mabomba yake mna amonia na maji. Joto huigeuza amonia kuwa mvuke, mvuke unarudi kuwa kimiminika, halafu kinapokauka tena ndani ya friji kinachukua joto la chakula na kuondoka nalo. Watoto, mnakumbuka nesi akikupaka spiriti mkononi kabla ya sindano, mkono unavyosikia baridi? Ni jambo lile lile. Maji ya mtungi wa udongo kule nyumbani hupoa hivyo hivyo.

Lakini joto hula umeme mwingi. Tuseme friji inatumia wati 120. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 10. Betri ya ampea-saa 80 ingeiendesha saa 8 kwenye karatasi, ila betri ya kawaida ya risasi haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo ni saa 4 tu. Kama ni betri hiyo hiyo inayowasha injini, mkisimama muda mrefu gari linaweza lisiwake.

Ndiyo maana mafundi huweka relei, swichi inayojifunga yenyewe. Injini ikiwaka, alternata inatoa umeme wa volti 14 hivi, relei inaruhusu, friji inakula umeme wa alternata. Injini ikizimwa, relei inakata. Kwa hiyo mkisimama saa mbili kupiga picha ziwani, friji ya aina hii haipozi kabisa, hata kama swichi iko kwenye alama ya betri.

Aina ya pili ni friji ya kompresa, kama ya nyumbani. Hiyo hutumia umeme kidogo, tena hupumzika ikishapata baridi. Huunganishwa na betri ya pili, ambayo alternata huichaji mkiwa njiani, na mkisimama inaendelea kupoza. Magari ya miaka ya karibuni yana alternata inayopunguza umeme yenyewe ili kuokoa mafuta, hivyo huhitaji chaja maalumu kati ya betri mbili. Kwa familia yenye dawa, mimi ningechagua kompresa bila kusita. Muulizeni mwenye gari kabla ya kulipa.

Kuna wanaoacha gesi ikiwaka gari likitembea. Msifanye hivyo. Ni moto ulio wazi, na ukiingia nao kituo cha mafuta ni hatari kubwa. Fungeni mtungi kabla ya kuondoka.

Tena, friji ya njia tatu kwa umeme wa betri hutunza baridi iliyopo, haina nguvu ya kupoza vitu vya moto. Ichomekeni kwenye plagi ya nyumbani usiku kucha, na mpakie vitu vilivyokwisha poa.

Sasa nivae sare yangu ya kazi. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Wengi huogopa joto peke yake, kumbe ikiganda pia imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Itupwe. Kwa hiyo isiguse ukuta wa nyuma wala sehemu ya barafu, na muweke kipimajoto kidogo pembeni yake. Kalamu inayotumika sasa haihitaji friji; nyingi huvumilia wiki 4 penye ubaridi wa kawaida wa chumba, lakini someni karatasi ya dawa yenu. Msiiache kwenye dashibodi juani. Na chukueni kisanduku cha baridi cha akiba, dawa ikiwa imefungwa kitambaa isiguse barafu. Wahudumu wa chanjo vijijini Tanzania hubeba chanjo kwenye visanduku vya namna hiyo, hata kwa pikipiki.

Kazi ya nyumbani. London mpaka Glasgow ni mwendo wa saa 7 hivi. Familia inasimama mara mbili, kila mara dakika 45. Friji ya njia tatu itakaa bila umeme kwa muda gani? Friji ya wati 48 inavuta ampea ngapi? Kisha tungeni sentensi mbili mbili kwa poa na poza, ganda na gandisha. Mlete Jumamosi, na wazazi, tafadhali msiwaandikie.