Je, 4,294,967,297 ni namba tasa?

Swali: Kijana wangu wa kidato cha pili ameigawa 4,294,967,297 kwa kila namba tasa hadi 100, ikaacha baki kila mara. Anasema ni tasa. Yuko sahihi?

Jibu: Si tasa, na kuishia 100 hakutoshi. Kwa njia hiyo angepaswa kufika kwenye kipeuo chake cha pili, takribani 65,536.

Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 32, ukijumlisha 1. Katika karne ya 17, Mfaransa Pierre de Fermat aliona kwamba 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote za ukoo huohuo, ni tasa, akaamini zinazofuata ni tasa pia. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kuwa hii ni 641 × 6,700,417.

Uzuri uko kwenye njia ya mkato, ambayo Euler mwenyewe aliithibitisha: kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Kwa hiyo 3, 7 na 11 hazina nafasi kabisa. Zinazostahili kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577, halafu 641. Jaribio la tano tu! Mpe kijana kalamu, afanye mgawanyo huo bila kikokotoo.

Kisha mwonyeshe na hili. Namba tasa haiandikiki kuwa jumla ya miraba miwili kwa njia zaidi ya moja. Hii ina njia mbili: 65,536² + 1², na 62,264² + 20,449². Hapo tayari unajua si tasa, hata kabla ya kukipata kigawo chake.