Magurudumu na madigadi ya Beetle kwa barabara za Kinyangiri

Beetle inayoishi Kinyangiri ivae rimu ya inchi 15, kipimo kile kile ilichotoka nacho kiwandani. Nalisema mapema kwa sababu vijana wanaoiona Volkswagen yangu ya 1300 huniuliza lini nitaifunga rimu za inchi 17. Sitazifunga, na sababu yangu ni ya hesabu.

Tairi la kawaida la gari hili ni 165/80R15. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, kwa asilimia ya ule upana. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Asilimia 80 ya 165 ni milimita 132, na huo ndio mpira uliopo kati ya jiwe na chuma. Sasa chukua rimu ya 17 yenye tairi la 205/40. Ubavu unabaki milimita 82, na kipenyo cha tairi zima kinashuka kutoka milimita 645 hadi 596. Umelipa hela nyingi, gari limeshuka karibu sentimita mbili na nusu, na rimu imesogezwa karibu na mawe. Anayezunguka kwenye lami ya mjini anaweza kuishi hivyo. Ukishaiacha lami ya Singida–Nzega pale Iguguno kuja huku kwetu, rimu ya namna hiyo haidumu.

Beetle iliwahi kushinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, enzi ambazo njia ya mashindano ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilishinda ikiwa na matairi membamba na marefu. Kwenye tope la mbuga nyeusi, tairi jembamba hukata utelezi wa juu na kutafuta ardhi ngumu chini, na injini iliyokaa nyuma huyakandamiza yale magurudumu yanayosukuma. Tairi pana huelea juu ya tope na kuzunguka bure. Kiangazi mambo hugeuka: kwenye mchanga wa makorongo yaliyokauka, tairi pana kidogo nyuma linasaidia sana, hasa gari likiwa na mzigo.

Kwa hiyo mimi nimegawanya. Mbele nimebaki na 165/80R15 kwenye rimu ya asili ya upana wa inchi 4.5. Nyuma nimeweka 205/70R15 kwenye rimu ya inchi 5.5. Tairi la nyuma lina kipenyo cha milimita 668, kwa hiyo nyuma imepanda zaidi kidogo ya sentimita moja bila kugusa springi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba waya wa spidomita ya Beetle hauanzii kwenye gia boksi. Unapita katikati ya kitovu cha gurudumu la mbele la kushoto na kushikwa kwenye kile kifuniko kidogo cha grisi. Ukikichunguza utaona ncha yake ya mraba. Ukibadilisha tairi la nyuma peke yake, spidomita haidanganyi. Kinachobadilika ni nguvu: tairi kubwa nyuma ni sawa na kurefusha gia zote kwa asilimia kama tatu na nusu. Injini ya 1300 huihisi tofauti hiyo ikipanda Sekenke na abiria wanne. Ndiyo maana sikwenda hadi 215/75R15, yenye milimita 703. Inapendeza machoni, lakini kwa injini hii ungeshinda gia ya pili na ya tatu.

Kuhusu 195/65R15, najua ipo karibu kila duka kwa sababu Toyota nyingi zinaitumia. Usiifunge kwenye rimu ya asili ya 4.5. Tairi la upana huo linataka rimu ya kuanzia inchi 5.5, ukilibana, mabega yanajikunja na katikati panatuna, na gari litayumba kwenye kona. Na ukinunua ya mtumba, soma tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni: 3219 maana yake wiki ya 32 ya mwaka 2019. Kashata nzuri kwenye tairi la zamani isikushawishi, mpira ukishakauka hupasuka ubavuni siku ya jua kali.

Rimu yenyewe ndiyo ngumu kuipata. Beetle za hadi mwaka 1967 nyingi zina bolti tano kwenye duara la milimita 205. Za kuanzia 1968 zina bolti nne kwenye duara la milimita 130. Yenye bolti nne ni rahisi kupima: weka rula kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalolikabili. Starlet, Vitz na IST ni nne kwa 100, kwa hiyo rimu zake zinazouzwa kila mahali hazikufai, hata muuzaji akikuambia zinaingia kwa kulazimisha. Porsche 914 ya silinda nne inatumia duara hilo hilo la 130, ila sidhani kama utaikuta imeegeshwa Nduguti. Uliza kwa wenye Beetle zilizoharibika. Jambo jingine la kuangalia ni kichwa cha bolti. Rimu ya asili ya Volkswagen ina kikalio cha mviringo, kama bakuli, na bolti yake ina bega la mviringo pia. Rimu nyingi za michezo zina kikalio cha pembe. Ukichanganya, bolti itakazika ikionekana imekaa, kumbe inagusa kwenye mstari mwembamba tu, na barabara yetu ya mawimbi itailegeza. Chukua bolti mkononi, ipake masizi ya mshumaa, ifunge na kuifungua, kisha tazama masizi yamefutika wapi. Yakifutika bega zima, imekaa.

Hapo ndipo unapofika kwenye madigadi, na si kabla. Fundi bodi niliyempelekea gari Singida alishika msumeno tangu asubuhi.

"Kaka, tukate kwanza tupate nafasi."

"Hapana fundi. Tufunge matairi kwanza, tupakie mzigo, gari lenyewe lituonyeshe pa kukata."

Ekseli za nyuma za 1300 zimeungwa pembeni mwa gia boksi, kwa hiyo gurudumu halipandi wima, linapanda likijipinda. Gari likiwa tupu, magurudumu yanasimama karibu wima. Ukipakia, juu ya tairi huingia ndani kuelekea bodi, na chini hutoka nje. Ukipima nafasi gari likiwa tupu kwenye jeki umepima kitu ambacho hakitatokea njiani. Sababu hiyo hiyo ndiyo inayonifanya niwazuie watu kuinyanyua sana nyuma kwa kugeuza fito za msokoto zinazofanya kazi ya springi. Nyuma ikipanda mno, matairi hujikunja chini ya gari, na ukikata kona kwa kasi la nje linaweza kujikunja zaidi na kulipindua gari.

Kipimo changu ni cha chaki. Paka chaki nene kwenye bega la nje na la ndani la kila tairi. Weka magunia mawili ya alizeti kiti cha nyuma na mtu mmoja mzito juu yake. Endesha polepole juu ya matuta, kisha kata usukani mpaka mwisho kushoto na kulia ukirudi kinyumenyume. Shuka na tochi, lala chini, tazama ndani ya madigadi. Popote chaki ilipohamia, tairi limegusa. Kwangu mbele palikuwa safi kabisa. Nyuma chaki ilikuwa kwenye ule ukingo wa bati uliokunjwa kwa ndani, sehemu ya juu upande wa mlango, urefu wa kiganja hivi. Hakuna mahali pengine. Fundi alikuwa amekusudia kukata nusu duara nzima.

Uzuri wa Beetle ni kwamba madigadi yake manne hayakuchomelewa. Yamefungwa kwa bolti, kichwa cha 13, na kati yake na bodi kuna ukanda wa mpira. Nyunyizia dawa ya kutu usiku wa kuamkia kazi, maana nati zake zimo ndani ya bodi na zikianza kuzunguka utahitaji kukata bati. Yakishatoka, kazi inafanyika mezani: ule ukingo wa ndani tuliulaza kwa nyundo ya mpira, kidogo kidogo, kisha tukaongeza ukanda wa bati wa sentimita nne kwa nje ili bega la tairi lisichungulie. Ukanda huo si urembo. Tairi linalotoka nje ya madigadi hurusha mawe kwenye milango na kwa waenda kwa miguu, na masika hukupaka tope hadi kioo cha pembeni. Faiba ni nyepesi na inakaa vizuri, lakini jiwe likiipasua huku utasubiri mpaka ufike mjini. Bati linanyooshwa popote penye nyundo.

Acha nafasi ya ngumi kati ya tairi na paa la madigadi gari likiwa na mzigo. Vidole viwili vinatosha kwa lami. Tope la mbuga hujaa mle ndani, likikauka huwa kama tofali, na tairi huanza kusaga.

Kisha upepo. Mafundi tairi wengi wana mazoea ya kujaza 35 kila gurudumu. Beetle ni nyepesi sana mbele: kwa matairi ya radial, 18 mbele na 27 nyuma ndiyo asili yake. Ukijaza 35 mbele, usukani unaruka kwenye kila wimbi na boljointi zinakwisha.

La mwisho ni spea tairi. Shimo lake chini ya boneti lilitengenezwa kwa tairi jembamba, kwa hiyo akiba yangu ni 165. Likipasuka la nyuma nalifunga hilo hilo na kwenda polepole hadi kwa fundi, kwa kuwa vipenyo viwili tofauti vinaizungusha difu muda wote. Na usiliache bila upepo: kwenye Beetle nyingi, maji ya kusafishia kioo cha mbele yanasukumwa na upepo wa spea tairi kupitia mpira mwembamba. Kwa vumbi la Septemba huku kwetu, utayahitaji kabla ya kufika Iguguno.