USHAURI WA KILIMO: Yai la kienyeji linaanzia uwanjani

Kiangazi kinaelekea ukingoni, na mvua za Oktoba bado. Ukiona kiini cha yai kimepauka, usimlaumu kuku. Majani yamekauka, naye anashinda vumbini akidonoa pumba tupu, wakati rangi ya kiini hutokana na majani mabichi na mahindi ya njano. Mteja wa hapa kwetu Runzewe anayeongeza hela kwa yai la kienyeji anafuata kiini hicho. Mpe kuku mchicha na majani ya mlonge kila siku mpaka nyasi zichipue.

Mvua zikianza, gawa uwanja sehemu tatu au nne kwa wavu au fito, uwe unawahamisha. Tenga walau mita 4 za mraba kwa kila kuku. Sehemu iliyopumzishwa humea upya, na mayai ya minyoo hupungua.

Huku kwetu kwenye ukanda wa dhahabu, uzio una kazi nyingine. Kuku hudonoa chochote, kwa hiyo asifike kwenye karasha la kusaga mawe, mwaloni kunakooshwa dhahabu wala kwenye rundo la marudio, yaani mabaki ya mchanga huo. Zebaki ya kukamatia dhahabu hubaki kwenye udongo na maji, na kuku akiila inaweza kuingia kwenye yai. Usimnyweshe maji ya mtaro unaotoka machimboni.

Kuku anayetaga huhitaji gramu 110 hadi 130 za chakula kwa siku, na uwanjani hazipati zote. Jioni muongezee pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa kidogo na chokaa ya mifugo ya kuimarisha ganda. Mashudu ya pamba yapo tele kwetu, lakini yakizidi hugeuza kiini kuwa cha kijani au kahawia. Dagaa nao wakizidi, yai hunuka samaki.

Mdondo hupenda kuzuka miezi hii ya ukame. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni, kwa kuku wenye afya tu, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka, hivyo usisubiri kuku wa jirani waanze kufa. Chupa moja hutosha kuku wengi: changishaneni na majirani, mmwite ofisa mifugo, mchanje siku moja.

Tukija kwenye kuuza, okota mayai asubuhi na mchana, uyaweke kivulini, ncha nyembamba ikitazama chini. Lenye uchafu lifute kwa kitambaa kikavu. Ukiliosha, vijidudu hupenya ganda kwa urahisi. Kuku hutaga hata bila jogoo, na yai lisilo na mbegu hustahimili joto vizuri zaidi, kwa hiyo watenge na jogoo kuku wa mayai ya kuuza. Kubaliana na wauza chipsi na mamantilie siku maalumu ya kuwapelekea trei zao za mayai 30, na kila trei iandikwe tarehe ya kuokotwa.

Kuku wakiwa kwenye dawa, soma kwenye kifungashio ni siku ngapi mayai yasiliwe. Siku hizo usiuze hata yai moja, na uwaarifu wateja mapema ili wasikupangie oda.