Choo kigumu: Anzia jikoni kabla ya duka la dawa

Je, unaenda haja kubwa chini ya mara tatu kwa wiki, au unajikamua hadi jasho likutoke? Basi umefunga choo. Wengi mjini hukimbilia tembe za kuharisha, ilhali chanzo kiko mezani: ugali wa unga uliokobolewa, chapati nyeupe na maji kidogo mno.

Jaribu unga wa posho mill usiokobolewa. Kula githeri, maharagwe, sukuma wiki, na papai asubuhi. Ongeza vyakula hivi polepole, maana tumbo lisilovizoea litajaa gesi. Na kunywa maji. Nyuzinyuzi bila maji huzidisha ugumu.

Kisha kuna tabia ya kubana haja tangu alfajiri kwenye matatu hadi jioni. Kinyesi kinachokaa tumboni hunyonywa maji na kukauka. Utumbo husukuma zaidi baada ya mlo, hasa asubuhi. Kwa hivyo amka mapema kidogo, upate kiamshakinywa, uende msalani bila haraka. Kama choo ni cha kukalia, weka miguu juu ya kigoda ili magoti yapite nyonga. (Choo cha shimo cha mashambani kina faida hiyo bila kigoda!)

Mama mjamzito anayefungwa choo na tembe za kuongeza damu asiziache, aulize kliniki.

Lakini ukiona damu, ukikonda bila sababu, au tumbo likivimba huku unatapika, usijitibu nyumbani. Nenda hospitali.