Mchicha wa Kando ya Bwawa

Mchicha umestawi kando ya bwawa la kuoshea dhahabu. Majani yake ni mapana na mabichi. Je, tuuchume? Tusome kwanza.

Katika wilaya ya Handeni, jirani na Korogwe, wako wachimbaji wadogo wa dhahabu. Wachimbaji wadogo husaga mawe na kuosha unga wake. Wengi hutumia zebaki kukamata dhahabu. Unga wa mawe huweza kuwa na madini mengine yenye sumu, kama risasi. Madini haya hayaozi. Hukaa udongoni miaka mingi.

Mmea hauna miguu ya kukimbia sumu. Mimea mingine huizuia sumu mizizini. Mingine huipokea na kuifungia. Mizizi huvuta madini pamoja na maji. Ndani ya mmea, madini hufungwa kama mzigo, yasidhuru njiani. Kisha huwekwa majanini, katika vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Hivyo mmea huendelea kuishi.

Katika visiwa vya Kaledonia Mpya, mbali katika bahari ya Pasifiki, uko mti unaohifadhi madini ya nikeli. Utomvu wake una rangi ya kijani na buluu. Utomvu huo ukikauka, robo yake ni nikeli. Hata hivyo mti ni mzima.

Mchicha hauhifadhi madini mengi kiasi hicho. Lakini nao huvuta risasi kutoka udongoni. Tena zebaki ikichomwa, mvuke wake huingia majanini. Mboga huonekana nzuri, kumbe ina sumu. Kuosha huondoa vumbi la nje tu. Kupika hakuondoi madini yaliyo ndani. Risasi hudhuru akili za watoto. Zebaki hudhuru mishipa ya fahamu, na pia mtoto aliye tumboni.

Basi tufanye hivi:

1. Tulime mboga mbali na mahali pa kusagia na kuoshea mawe.
2. Tusimwagilie bustani maji ya bwawa hilo.
3. Tusichome zebaki nyumbani wala karibu na bustani.
4. Mimea ya hapo tusiwape mifugo, wala tusiifanye mboji. Sumu itarudi kwetu.

MASWALI

1. Mmea hufanya nini ili sumu isiuue?
2. Kwa nini kuosha mchicha hakutoshi?
3. Bustani yako iko wapi? Maji yake yanatoka wapi?