Mashine ya Sidii Imegoma: Tuanzie Wapi?



Tulipotembelea darasa moja la kisomo, tuliwakuta wanakisomo wamenuna. Mashine yao ya sidii, ile yenye redio na mkono wa kubebea, ilikuwa imegoma. Ndiyo waliyoitumia kusikiliza masomo na nyimbo za kwaya. Redio ilisema vizuri, lakini sidii haikuzunguka hata kidogo. Fundi wa mjini alikwisha kuitazama, akasema jicho limekufa na jipya ni bei kubwa. Kikundi kikaanza kuchanga fedha. Mzee mmoja akatuambia, "Mwalimu, hii ni ya zamani, tuitupe tu."

Hatukuitupa. Tulitazama kifuniko. Pembeni mwa kifuniko huwa kuna jino dogo la plastiki. Ukifunga, jino hilo huingia katika tundu na kubonyeza swichi iliyomo ndani. Jino la mashine ile lilikuwa limevunjika. Basi mashine ilidhani kifuniko kiko wazi, na ikiwa wazi haizungushi sidii. Tuligundisha kipande kigumu cha plastiki mahali pa jino, tukangoja gundi ikauke, tukafunga. Sidii ikazunguka. Fedha zilizokwisha kuchangwa zikanunua betri.

Kijana mmoja aliuliza kwa nini tusisokote karatasi tukaizuia ile swichi ibaki imebonyezwa siku zote. Hapana! Swichi ile inalinda macho yenu. Ndani ya mashine kuna mwanga uitwao leza. Mwanga huo karibu hauonekani, pengine utaona kitone chekundu hafifu tu. Lakini unaweza kuumiza jicho. Mashine ikiwa inafanya kazi, usiinamishe uso juu ya kile kijicho cha kioo.

Sasa tuone mashine hii inavyosoma. Sahani ya santuri ilisomwa kwa sindano iliyogusa sahani. Sidii, ambazo zilianza kuuzwa Japani mwezi Oktoba 1982, haziguswi na kitu. Sidii ina upana wa sentimita 12. Ndani yake kuna njia nyembamba sana yenye vishimo vidogo, imezunguka kama mkeka wa duara. Njia hiyo huanza karibu na tundu la katikati na kuishia ukingoni. Ungeweza kuinyoosha, ingefika kama kilometa 5. Mwanga wa leza hutoka katika jicho, hupiga njia hiyo na kurudi, na mashine hugeuza marudio hayo kuwa sauti. Jicho lenyewe hutembea polepole juu ya reli, kutoka katikati kwenda nje. Yashikeni haya, maana yatatusaidia.

Mashine ikigoma, usikimbilie bisibisi. Jaribu kwanza sidii nyingine, iliyonunuliwa ikiwa imetengenezwa kiwandani. Mashine nyingi za zamani hazipendi sidii zilizonakiliwa kwa kompyuta. Na zile zenye nyimbo mia na zaidi katika sidii moja, mashine ya zamani haizijui kabisa. Hapo mashine haina kosa.

Sidii chafu ioshe kwa maji safi na sabuni kidogo sana, kisha ipanguse kwa kitambaa laini. Panguza kutoka kwenye tundu kwenda ukingoni. Usizungushe mkono kama mtu anayeosha sahani ya ugali. Mkwaruzo unaokata njia, mashine huweza kuuruka na kujaza pengo. Mkwaruzo unaoifuata njia humeza vishimo vingi mfululizo, na wimbo hukwama. Tena, watu wengi hutunza upande unaong'aa na kuulaza ule wenye maandishi juu ya meza yenye mchanga. Kumbe vishimo viko karibu zaidi na upande wa maandishi! Ukichubuka pale, hakuna dawa.

Halafu tazama betri. Redio ikisema, watu husema betri ni nzima. Si hivyo. Redio hutumia nguvu kidogo, lakini kuzungusha sidii na kuwasha leza kunataka nguvu nyingi. Betri zilizochoka zitaimba redio na kugoma sidii. Springi zenye kutu zisugue kwa msasa mpaka zing'ae.

Ikiwa bado, safisha jicho. Katika nyumba zetu moshi wa jikoni na vumbi la kiangazi hulifunika. Toa betri, chomoa waya wa umeme. Chukua pamba laini kwenye kijiti, ilowanishe kidogo tu kwa spiriti safi isiyo na mafuta, upanguse taratibu mara mbili tatu. Spiriti ikikosekana, tumia pamba kavu. Usitumie mate, petroli wala manukato. Jicho limeshikwa na vinyaya vyembamba, hivyo ukiligusa litacheza. Ni kawaida. Ukilikandamiza, utavikata. Ngoja likauke.

Wakati wa masika, au mashine ikitolewa kwenye baridi kuingizwa mahali pa joto, jicho hupata umande. Iache wazi saa moja au mbili bila umeme, kisha ujaribu tena.

Mashine zenye droo zina ugonjwa wao. Ukibonyeza, mota inanguruma lakini droo haitoki. Mara nyingi mkanda wa mpira umelegea kwa uzee. Utoe, uupeleke dukani ukiwa kipimo cha kununulia mwingine. Wako wanaouchemsha katika maji ili ushike tena. Utashika siku chache, kisha utarudi palepale.

Kuna kazi moja tunaipinga kabisa. Kwenye mashine nyingi, karibu na jicho kuna skrubu ndogo sana ya kurekebisha nguvu ya leza. Mafundi wengine huizungusha ili leza iwake kwa nguvu. Mashine itaimba vizuri, nawe utalipa kwa furaha. Lakini leza itakuwa inaungua, na jicho ambalo halikuwa limekufa sasa litakufa kweli. Kabla ya kuacha mashine kwa fundi, muulize: "Umesafisha jicho? Umetazama swichi ya kifuniko? Umetazama reli?" Asipende maswali hayo, chukua mashine yako.

Na sehemu inayopokea umeme wa ukutani msiiguse. Hata ukichomoa waya, baadhi ya vyombo vya ndani huweka umeme kwa muda. Hiyo ni kazi ya fundi wa umeme.

Jadilianeni swali hili katika kikundi. Mama mmoja ana mashine ya mwaka 1990. Sidii yake ni safi na ya kiwandani, betri ni mpya. Nyimbo tano za kwanza huimba vizuri, ya sita hukwama. Amejaribu sidii nne, zote hukwama karibu na hapo hapo. Jicho amelisafisha. Kumbukeni jicho hutembea kutoka wapi kwenda wapi, na juu ya nini. Grisi ya zamani huwa ngumu kama nta. Afungue wapi, apanguse nini, na apake nini kidogo?